Nyaraka za Katharine Hepburn: nianzie New York au Los Angeles, na nisome nini kwanza?

Mwanamaigizo aliuliza:

Wakuu, naombeni mwongozo kwa mliozoea kufanya kazi kwenye hifadhi za nyaraka. Ninaandika tasnifu kuhusu Katharine Hepburn kama mwigizaji wa jukwaani. Filamu zake nitazigusa pale tu zinapokutana na jukwaa. Kipindi changu kinaanza na The Lake, tamthilia iliyoanguka Broadway majira ya baridi ya 1933 kuingia 1934, kinapita The Philadelphia Story ya 1939 iliyomrudisha juu, na kinaishia kwenye tamthilia za Shakespeare alizocheza kati ya 1950 na 1960.

Nimeona nyaraka zake zipo sehemu mbili, New York na upande wa Los Angeles. Nina siku tano tu za kazi, na nauli ya kwenda pande zote mbili sina. Naomba msaada kwenye haya:

Mgawanyo wa nyaraka umekaaje, na je, nikienda New York peke yake nitakosa kitu cha msingi?

Siku tano nizipangeje ili nisirudi na nusu ya nilichokifuata?

Barua nyingi za watu wa jukwaani zina siku tu, "Jumanne" au "Alhamisi usiku", bila mwaka. Tarehe inapatikanaje?

Na mwisho, nikinukuu barua au nikiweka picha kwenye tasnifu, ruhusa natafuta kwa nani? Kwa maktaba?

---

Kabati la Nyaraka alijibu:

Karibu. Kwa mada yako nenda New York, bila kusitasita.

Hepburn alifariki Juni 2003. Wasimamizi wa mirathi yake waligawa nyaraka kwa kufuata kazi. Zinazohusu jukwaa zilikwenda New York Public Library for the Performing Arts, pale Lincoln Center, chini ya idara yake ya maigizo iitwayo Billy Rose Theatre Division. Zinazohusu filamu zilikwenda Margaret Herrick Library, maktaba ya taasisi inayotoa tuzo za Oscar, ambayo iko Beverly Hills. Mavazi yake ya jukwaani na ya filamu yapo kwenye makumbusho ya Kent State University, Ohio. Kabla ya hapo, Juni 2004, Sotheby's walipiga mnada vitu vyake vingi New York. Kwa hiyo usishangae ukikuta kitu kinatajwa kwenye wasifu wake lakini hakimo kwenye orodha ya maktaba yoyote: huenda kiko mikononi mwa mnunuzi. Katalogi ya mnada ule nayo ni chanzo, itafute.

Mgawanyo huu unaonekana safi kwenye karatasi, ila maisha ya mwigizaji hayakatiki hivyo. Mfano ulio ndani ya kipindi chako ni The Philadelphia Story. Ilifunguliwa Shubert Theatre tarehe 28 Machi 1939 na kuchezwa mara 417. Haki za filamu zilinunuliwa na tajiri Howard Hughes kwa ajili ya Hepburn, na Hepburn ndiye aliyekwenda kuziuza studio ya MGM kwa masharti yake. Hapo kuna kazi moja ya sanaa yenye karatasi za aina mbili: za jukwaa na za mkataba wa filamu. Ukisoma upande mmoja tu utaeleza ushindi wa jukwaani lakini hutaeleza nguvu iliyotokana nao. Huna haja ya kusafiri kwa ajili hiyo. Soma orodha ya Herrick, chagua mafolda machache yanayogusa tamthilia hiyo, halafu uwaandikie kuomba nakala, ukitaja namba ya folda. Anayeandika "naomba kila kitu kuhusu tamthilia hii" husubiri sana na hupata kidogo.

Jambo la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na watafiti wengi huligundua wakiwa tayari mezani. Nyaraka binafsi za mtu kwa sehemu kubwa ni barua alizopokea. Alizoandika zimelala kwa aliowaandikia. Nakala ya kaboni hubaki pale tu barua ilipopigwa mashine na mtu akaona umuhimu wa kuihifadhi. Ya mkono haiachi kitu nyuma. Kwa hiyo sauti ya Hepburn mwenyewe ya miaka ya 1930 na 1940 uitafute pia kwa wenzake. Kwako wewe wa kwanza ni Theatre Guild, kampuni iliyotayarisha The Philadelphia Story, na kabla yake ziara ya Jane Eyre ya 1936–37 ambayo haikufika Broadway kabisa. Nyaraka za Theatre Guild ziko Beinecke Library, Chuo Kikuu cha Yale, New Haven. Kutoka stesheni ya Grand Central, New York, ni kama saa mbili kwa treni, unakwenda asubuhi na kurudi jioni. Upande wa filamu, nyaraka za mwongozaji George Cukor, rafiki yake wa miaka mingi, ziko Herrick.

Kabla hujaomba boksi lolote, soma mwongozo wa mkusanyiko mwanzo hadi mwisho kwenye archives.nypl.org. Usiishie kwenye kisanduku cha kutafutia. Mwongozo huorodhesha folda, mara chache sana huorodhesha barua moja moja. Ukitafuta jina la mtu usilipate, haimaanishi hamna barua yake. Mara nyingi imo kwenye folda ya jumla ya herufi yake, au ndani ya folda ya tamthilia husika. Anza na utangulizi unaoeleza jinsi mafungu yalivyopangwa, kisha fungu la tamthilia kwa mfuatano wa miaka, kisha barua za jumla.

Na tahadhari ya majina, maana hapa wengi huanguka. Jina lake ni Katharine, na "a" katikati. Magazeti na hata baadhi ya katalogi huandika Katherine, kwa hiyo tafuta kwa tahajia zote mbili. Mama yake, mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura na ya uzazi wa mpango, aliitwa Katharine Houghton Hepburn (1878–1951), na jina hilohilo kamili ndilo la binti. Mpwa wake, mwigizaji pia, ni Katharine Houghton. Ukikuta barua ya 1935 iliyoelekezwa kwa "Mrs. Hepburn", Hartford, mpokeaji ni mama. Audrey Hepburn hana undugu nao. Mwondoe mapema kwenye matokeo ya utafutaji.

---

Bahasha ya Zamani alijibu:

Naongezea kwenye mpango wa siku tano. Gawa hivi: siku nne Lincoln Center, siku moja New Haven. Ya New Haven iwe ya nne, si ya mwisho. Sababu ni kwamba utakachokiona Yale kitakurudisha kwenye folda ulizokwisha kuzipita, na utahitaji siku ya tano kuzifungua tena.

Kazi ya kweli inaanza wiki tatu au nne kabla. Jisajili kama msomaji, fungua akaunti ya kuombea nyaraka, omba nafasi ya kukaa, na taja maboksi kwa namba. Usidhani boksi liko nyuma ya kaunta. Sehemu ya makusanyo huhifadhiwa nje ya jengo na huletwa kwa siku kadhaa. Panga maboksi kwa umuhimu na weka mawili ya akiba, kwa sababu lolote linaweza kuwa kwenye ukarabati au kuazimwa kwa maonyesho. Uliza mapema pia kama albamu za vipande vya magazeti zinatolewa zenyewe au kwa nakala tu. Karatasi ya gazeti ina asidi, inakuwa ya kahawia na kukatikakatika, na gundi ya mpira huacha madoa yanayopenya ukurasa wa pili. Palipo na filamu ndogo yenye picha za kurasa (mikrofilamu) au nakala ya dijitali utapewa hiyo, na mashine ya kuisomea huhitaji nafasi yake.

Chumba chenyewe, ghorofa ya tatu, kina jina la Katharine Cornell na mumewe Guthrie McClintic. Naye Cornell alikuwa malkia wa jukwaa la Amerika wa enzi hiyohiyo, kwa hiyo angalia jina vizuri: barua iliyoandikwa "Dear Katharine" katika idara hii inaweza kuwa ya mwingine kabisa.

Mezani ni penseli tu, kalamu ya wino hapana. Boksi moja kwa wakati, folda moja nje ya boksi, na weka kibao cha kadi mahali ulipoitoa. Mpangilio wa karatasi ndani ya folda usiubadilishe hata ukiona umekosewa. Mwambie mhudumu, yeye ndiye arekebishe. Karatasi unazishika kwa mikono safi mikavu bila glavu, kwa kuwa glavu ya kitambaa hupunguza hisia za vidole na kuchana pembe. Picha ndizo zinazohitaji glavu, na za nitrili ni bora. Pini na vibanio vyenye kutu usivivute. Telegramu za miaka ya 1930 na 1940 zina maneno yaliyochapwa kwenye utepe mwembamba na kubandikwa juu ya fomu. Gundi ikikauka utepe hudondoka. Ukidondoka mbele yako usiurudishe mwenyewe, kwa sababu mstari mmoja ukihama ujumbe unageuka maana.

Sasa hesabu ya picha. Ruhusa ya kupiga kwa simu au kamera bila mwanga wa flashi ipo kwenye hifadhi nyingi, ila kanuni hazifanani, uliza kila mahali. Kwa mwendo wa picha mbili kwa dakika unapata 120 kwa saa, na kwa saa sita 720. Hiyo ni hesabu ya mashine. Kufungua folda, kurudisha boksi, kusubiri lingine na kusoma kidogo vitakula sehemu yake, kwa hiyo panga 500 kwa siku. Siku nne ni picha 2,000, na kwa megabaiti 5 kila moja unahitaji gigabaiti 10, mara mbili, maana lazima uwe na nakala mahali pengine kila jioni. Boksi moja la kawaida la hifadhi, lenye upana wa takriban sentimita 13, linaweza kuwa na karatasi 500 hadi 800. Piga hesabu ujionee: huwezi kupiga kila kitu. Lazima uchague.

Utaratibu usiovunjwa: picha ya kwanza ya kila folda ni lebo yake, na namba ya boksi ionekane. Kisha kila karatasi mbele na nyuma, kisha bahasha mbele na nyuma. Watu huacha bahasha, ilhali ndiyo yenye muhuri wa posta. Taja mafaili usiku huohuo kwa mtindo mmoja, mfano NYPL_KH_b07_f03_012. Ukisubiri hadi ufike nyumbani utakuwa na picha 2,000 zinazofanana na hutajua ipi ilitoka wapi. Barua isiyo na namba ya boksi na folda huwezi kuitumia kwenye tasnifu.

Miswada ya tamthilia iache ya mwisho kwa kila siku, lakini usiiruke, hasa ya Shakespeare. Hapo picha haitoshi. Alama ya penseli hafifu haionekani kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa juu, na tofauti ya penseli ya kawaida na ya rangi hupotea. Kaa nayo na ujaze jedwali lenye nguzo sita: tendo, onyesho, ukurasa, aina ya alama (mstari uliofutwa, pumzi, mkazo, mwendo wa jukwaani), rangi, na mwandiko wa nani. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Kitabu cha msimamizi wa jukwaa kina namba za taa, sauti na waingiao. Cha mwigizaji kina alama za sauti na nia kwenye mistari yake tu, na kurasa za wengine huwa safi. Ukikuta vyote viwili pamoja, kuna mikono miwili, usimpe Hepburn sifa ya wino wa msimamizi. Hesabu pia mistari iliyokatwa. Maonyesho ya Shakespeare karibu yote hupunguzwa, na kilichokatwa kinaonyesha mwongozaji alimtaka mhusika wa namna gani.

Kumbuka vilevile kwamba tamthilia yenyewe hutaiona. Mradi wa maktaba hiyo wa kurekodi maonyesho ya jukwaani ulianza 1970, baada ya kipindi chako chote kupita. Kwa hiyo miswada, picha na magazeti ndivyo vilivyobaki badala ya macho yako.

---

Tarehe na Mihuri alijibu:

Swali la barua zisizo na mwaka ndilo ninalolipenda. Usianze na barua. Anza na kalenda ya maonyesho. Tengeneza jedwali la kila usiku aliokuwa jukwaani na mji aliokuwamo. Kwa Broadway, Internet Broadway Database inakupa siku ya kufungua, siku ya kufunga na idadi ya maonyesho: The Lake, Martin Beck Theatre, 26 Desemba 1933, maonyesho 55, As You Like It, Cort Theatre, 26 Januari 1950, maonyesho 145. Ziara za mikoani hazimo humo. Ya Jane Eyre, ya kampuni ya Uingereza ya Old Vic nchini Australia 1955 alikocheza na Robert Helpmann, na misimu ya 1957 na 1960 pale Stratford, Connecticut, itabidi uijenge kwa magazeti ya kila mji na programu za maonyesho. (Jengo la Stratford liliungua Januari 2019, kwa hiyo karatasi na picha zake zimekuwa na thamani zaidi.)

Jedwali likiwa tayari, chukua siku na tarehe. Kalenda hujirudia. "Jumanne, 28 Machi" kati ya 1930 na 1960 inaingia 1933, 1939, 1944 na 1950 tu. Mwaka 1939 ndio usiku wa kufungua The Philadelphia Story. 1950 alikuwa katikati ya As You Like It. Sasa yaliyomo kwenye barua yataamua: anayemtakia heri ya "leo usiku" haandikii onyesho lililokwisha kucheza miezi miwili.

Mtego wa kwetu: Wamarekani huanza na mwezi. 3/5/39 ni tarehe 5 Machi, si 3 Mei. Tarehe zenye namba zaidi ya 12 zinajisema zenyewe, lakini zile za 1 hadi 12 zitakupoteza bila wewe kujua, na zitakupoteza vibaya hapa, kwa sababu 5 Machi 1939 ni kabla ya New York kuiona tamthilia na 3 Mei ni baada ya ushindi wake. Kwenye daftari andika mwezi kwa jina, kila mara. Saa nazo ziandike kama zilivyo kwenye waraka. Telegramu iliyoandikwa 6 12 PM ni saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni kwetu. Ukiibadilisha kichwani na kuandika "12:12" umejitegea shimo.

Kama hata tarehe hakuna, itazame karatasi yenyewe:

Stempu. Barua ya kawaida ya ndani ya Marekani ilikuwa senti 3 kuanzia Julai 1932 hadi 31 Julai 1958, kisha senti 4, kisha senti 5 kuanzia 7 Januari 1963. Kwa kipindi chako senti 3 haisaidii sana, ila senti 4 inakuweka kuanzia Agosti 1958, yaani upande wa msimu wa 1960 na si wa 1957.

Anwani. Namba ya kanda ya posta katikati ya jina la mji na jimbo, kama "New York 17, N.Y.", ilianza Mei 1943. Namba ya tarakimu tano mwishoni ilianza Julai 1963. Barua yenye "New York 17" haiwezi kuwa ya enzi ya The Lake.

Fomu ya telegramu. Kampuni ya Postal Telegraph ilimezwa na Western Union mwaka 1943, kwa hiyo fomu yake ni ya mwaka huo au kabla. Herufi NL juu zinaonyesha ujumbe wa bei nafuu wa usiku, ulioletwa asubuhi. Telegramu ya NL ya pongezi basi ilitumwa jioni iliyotangulia siku ya kuifikisha. Na kati ya Los Angeles na New York kuna saa tatu: iliyotumwa saa 11 jioni kule inaonekana saa 2 usiku huku, wakati pazia limekaribia kufunguka. Angalia kama saa iliyoandikwa ni ya kutuma au ya kupokea.

Mwandiko. Phyllis Wilbourn alikuwa katibu wa Constance Collier, mwigizaji mkongwe aliyemnoa Hepburn kwenye Shakespeare. Collier alifariki Aprili 1955, na Phyllis akahamia kwa Hepburn. Barua za Hepburn zilizoshughulikiwa na Phyllis ni za baada ya hapo. Mwandiko wake ukiuona kwenye barua ya kabla ya 1955, kuna uwezekano mkubwa imetoka kwa Collier.

Tarehe uliyoipata kwa hoja iweke ndani ya mabano ya mraba, na alama ya kuuliza kama hujathibitisha: [28 Machi 1939?]. Chini yake andika kwa mstari mmoja ulivyoipata. Tarehe iliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa barua usiichukulie kuwa ya mwandishi. Mara nyingi imewekwa na katibu au mtunza nyaraka miaka mingi baadaye, na wao pia hukisia.

---

Mwanamaigizo aliandika:

Asanteni sana, hii ya mwezi kutangulia siku ingeniangamiza kabisa. Nimeshaanza jedwali la maonyesho. Limebaki suala la ruhusa. Nitataka kunukuu barua kama ishirini na kuweka picha tatu.

---

Haki za Waandishi alijibu:

Maktaba inamiliki karatasi. Maneno yaliyo juu yake ni ya aliyeyaandika, na akifa ni ya warithi wake. Kwa hiyo ruhusa ya maktaba ya kupiga picha waraka haikupi ruhusa ya kuuchapisha, na Hepburn mwenyewe hakuwa na haki ya kuchapisha barua za wengine alizopokea. Kwa kila moja ya barua ishirini unazotaka, swali ni: nani aliandika, na alifariki lini?

Kwa sheria ya Marekani, barua ambayo haijawahi kuchapishwa inalindwa maisha yote ya mwandishi pamoja na miaka 70, hadi mwisho wa mwaka. Maneno ya Hepburn (2003) yatakuwa huru 1 Januari 2074. Ya Lawrence Langner wa Theatre Guild (1962) ni 2033. Ya Helpmann (1986) ni 2057. Lakini Philip Barry, mwandishi wa The Philadelphia Story, alifariki Desemba 1949, hivyo barua zake ambazo hazijachapishwa ziko huru tangu 1 Januari 2020. Za Constance Collier ziko huru tangu 1 Januari 2026, na hilo kwa sura yako ya Shakespeare ni zuri sana. Ipo kasoro moja: kama barua ya zamani ilichapishwa kwa idhini kwa mara ya kwanza kati ya 1978 na mwisho wa 2002, ulinzi wake unakwenda hadi mwisho wa 2047 hata kama mwandishi alikufa zamani. Kwa hiyo ukiona barua uliyoitaka imo kwenye kitabu cha miaka ya 1980 au 1990, simama, uichunguze.

Zile ambazo bado zinalindwa huna lazima ya kuzikimbia. Sheria ya Marekani inaruhusu matumizi ya haki (fair use), yaani kunukuu kwa kiasi bila kuomba ruhusa, kifungu cha 107, na marekebisho ya 1992 yalisema wazi kuwa kitu kutochapishwa hakizuii matumizi hayo peke yake. Marekebisho yale yalikuja baada ya kesi ya Salinger dhidi ya Random House, 1987, ambapo mwandishi wa wasifu wa Salinger alizuiwa kutumia barua za Salinger zilizokuwa kwenye maktaba za vyuo, tena hata pale alipobadilisha maneno kidogo na kubaki karibu mno na asilia. Kwa vitendo: nukuu mistari unayoichambua kweli, usiweke barua nzima, na ukieleza kwa maneno yako, yawe yako kweli. Tasnifu inayobaki chuoni ina hatari ndogo. Ikigeuka kitabu au ikipanda mtandaoni, pitia upya kila nukuu, na uangalie pia sheria ya nchi unakochapisha.

Picha zina njia yake. Haki ni ya mpiga picha au studio, si ya aliyepigwa. Geuza picha, soma muhuri wa nyuma, na ndiyo maana umeambiwa upige pande zote mbili. Picha nyingi za maonyesho ya Broadway ya miaka ile zilipigwa na studio ya Vandamm, na mkusanyiko wake uko idara hiyohiyo ya Billy Rose. Omba nakala yenye ubora wa uchapishaji kutoka kwenye mkusanyiko wa studio, siyo ile iliyobandikwa kwenye albamu. Itakuwa kali zaidi na itakuwa na namba na maelezo ya onyesho. Kuna malipo ya nakala na pengine ya matumizi, na hayo ni mambo mawili tofauti, yaulize kila moja kwa jina.

Weka jedwali la haki tangu siku ya kwanza: mwandishi, mwaka wa kifo, boksi na folda, imechapishwa au la, mrithi au wakala, siku uliyoandika barua ya kuomba, jibu. Warithi wengine huchukua miezi kujibu, wengine hawajibu. Barua pepe ulizotuma zihifadhi zote.

Rejea iandike hivi: mwandishi kwa mpokeaji, tarehe, boksi, folda, Katharine Hepburn Papers, Billy Rose Theatre Division, New York Public Library for the Performing Arts. Namba ya mkusanyiko ichukue kwenye mwongozo wenyewe, usiinakili kutoka kitabu cha mtu mwingine, kwa sababu maboksi hupangwa upya na namba za zamani hufa.

---

Kabati la Nyaraka aliongeza:

Nyongeza ndogo kwenye miswada. Ukikutana na kijitabu chembamba chenye maneno ya mhusika mmoja tu, na kabla ya kila msemo wake kuna maneno matatu manne ya mwisho ya mwenzake, hujapata muswada uliochanika. Ndivyo waigizaji wa zamani walivyopewa sehemu zao, kuokoa uchapaji. Alama zilizo humo ni za mwigizaji kwa uhakika mkubwa zaidi kuliko za muswada kamili, kwa kuwa msimamizi hakuwa na kazi nacho. Kikiwemo kwenye boksi lako, kianze hicho.

Na kwa New Haven: Beinecke nao wanataka usajili na maombi ya maboksi kabla ya siku. Waandikie wiki ileile unayowaandikia Lincoln Center.